Kuchagua Hita Mpya ya Gesi ya Kupashia Maji: Somo la Joto, Hewa na Usalama Nyumbani

Utangulizi

Kata ya Bonga iko kusini mwa mji wa Babati, mkoani Manyara, kando ya barabara kuu iendayo Kondoa na Dodoma. Nchi hiyo ni ya mwinuko. Mji wa Babati wenyewe uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na katika miezi ya Juni, Julai na Agosti maji ya bomba ya asubuhi huwa baridi sana. Kwa hiyo maji ya moto ya kuoga si anasa kwa wakazi wake, hasa kwa wazee, wagonjwa na watoto wachanga.

Tangu zamani kazi ya kupasha maji imefanywa kwa kuni na mkaa. Siku hizi mitungi ya gesi imeenea mijini na vijijini. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, uliozinduliwa Mei 2024, unakusudia kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Mtungi ulionunuliwa kwa ajili ya jikoni hauchukui muda mrefu kabla ya kuelekezwa bafuni pia, na baadhi ya nyumba zimefunga hita za gesi za kupashia maji.

Chombo hicho, kama vyombo vyote, huchakaa. Siku kinapoharibika, mwenye nyumba aghalabu huenda dukani akauliza jambo moja tu, yaani bei. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba yapo maswali mengine manne yapasayo kuulizwa kabla ya bei, na kwamba mwanafunzi wa sekondari aliyejifunza fizikia na kemia anaweza kuyajibu yote kwa kalamu na karatasi. Moja kati ya maswali hayo linahusu uhai wa watu.

Swali la kwanza: Joto kiasi gani linahitajika?

Ichukuliwe nyumba ya mfano ya Bonga yenye watu sita. Kila mmoja huoga lita 15 za maji ya nyuzi 40 za Sentigredi, na maji yanatoka bombani yakiwa na nyuzi 18. Jumla ya maji ni lita 90, yaani kilo 90, na joto linapaswa kupanda kwa nyuzi 22.

Mwanafunzi atakumbuka kwamba kilo moja ya maji huhitaji kilojuli 4.2 ili ipande joto kwa nyuzi moja. Basi joto linalohitajika kwa siku ni:

90 × 4.2 × 22 = kilojuli 8,316, yaani kiasi cha megajuli 8.3.

Kiasi hiki hakibadiliki kwa kubadili chombo. Maji hayajui kama yamepashwa kwa kuni, gesi, umeme au jua. Kinachobadilika ni sehemu ya joto la nishati ambayo huingia ndani ya maji, na sehemu ambayo hupotea hewani. Uwiano huo ndio uitwao ufanisi.

Kilo moja ya kuni kavu hutoa kiasi cha megajuli 16. Mkaa, megajuli 29. Gesi ya mtungi, megajuli 46. Na uniti moja ya umeme ni megajuli 3.6. Yakichukuliwa makadirio ya kawaida ya ufanisi, mahitaji ya nyumba ya mfano kwa siku moja ni haya:

Kuni, mafiga matatu (asilimia 15): kilo 3.5
Mkaa, jiko la kawaida (asilimia 25): kilo 1.15
Gesi, sufuria juu ya jiko (asilimia 50): kilo 0.36
Gesi, hita nzuri (asilimia 80): kilo 0.23
Umeme, hita ya papo hapo (asilimia 95): uniti 2.4

Tarakimu za kuni na mkaa zinahitaji kutazamwa kwa makini. Kuni kilo 3.5 kwa siku ni zaidi ya tani moja na robo kwa mwaka, kwa kuoga tu. Mkaa unaonekana kuwa mwepesi zaidi, lakini katika tanuri la kienyeji huenda zikahitajika kilo sita hadi nane za mti ili kupata kilo moja ya mkaa. Ikichukuliwa kilo saba, mkaa wa siku moja umekula kilo nane za mti, yaani zaidi ya mara mbili ya kuni. Wilaya ya Babati inaelewa vizuri thamani ya miti: misitu ya Duru-Haitemba imetunzwa na vijiji vyenyewe tangu katikati ya miaka ya 1990, na mfano huo umejulikana mbali.

Swali la pili: Hita ya aina gani?

Hita za gesi zipo za aina mbili kubwa. Aina ya kwanza ina tangi. Maji hupashwa na kuwekwa yakiwa moto hadi yatakapohitajika. Aina ya pili haina tangi. Maji hupita katika bomba jembamba la shaba lililozungukwa na mapezi, na chini yake kichomeo huwaka wakati bomba limefunguliwa tu.

Aina hii ya pili ina historia ndefu. Mwaka 1868 Benjamin Waddy Maughan wa London alitengeneza chombo kilichopasha maji papo hapo kwa gesi, akakiita kwa jina la chemchemi za maji moto za Iceland. Chombo chake kilikuwa na kasoro kubwa: hakikuwa na dohani, hivyo moshi wote ulibaki chumbani. Miongo miwili baadaye, Edwin Ruud, mzaliwa wa Norwei aliyehamia Marekani, alitengeneza hita ya tangi iliyojiendesha yenyewe.

Kwa nyumba ambayo watu wake huoga asubuhi na jioni tu, hita isiyo na tangi hufaa zaidi, kwa sababu hakuna maji yanayokaa mchana kutwa yakipoteza joto. Hata hivyo, kuna jambo dogo ambalo wanunuzi wengi hawalitazami, nalo ni mwali mdogo wa kudumu. Katika hita nyingi za zamani mwali huo huwaka usiku na mchana ili kuwasha kichomeo kikubwa. Uchukuliwe kuwa na nguvu ya wati 120. Siku moja ina sekunde 86,400. Basi mwali huo hutumia:

120 × 86,400 = juli 10,368,000, yaani megajuli 10.4.

Ukigawanya kwa megajuli 46 unapata kilo 0.23 za gesi. Mwali usiozidi kidole kwa ukubwa unakula gesi sawa na ile inayowaogesha watu sita! Mtungi wa kilo 15, ambao ungetosha kwa siku 66, huisha katika siku 33. Kwa hiyo anayebadilisha hita ya zamani ya mwali wa kudumu kwa hita inayowashwa kwa cheche za betri anaweza kupunguza nusu ya gesi bila ya kupunguza hata kopo moja la maji.

Swali la tatu: Je, nguvu ya hita na nguvu ya maji zinalingana?

Hita za papo hapo huuzwa kwa kutaja lita kwa dakika: lita 6, 8, 10, 12 na kuendelea. Tarakimu hiyo haina maana bila ya kujua nyuzi ngapi za joto zinaongezwa. Maelezo ya chombo aghalabu hutaja nyuzi 25. Kwa nyuzi 22 na lita 6 kwa dakika, nguvu inayoingia katika maji ni:

6 × 4.2 × 22 ÷ 60 = kilowati 9.2.

Bafu moja halihitaji zaidi ya hapo. Hita kubwa kupita kiasi huleta matatizo mawili. Kwanza, hudai msukumo mkubwa zaidi wa maji kabla ya kuwaka. Pili, hufyonza gesi kwa kasi kubwa. Gesi iliyomo mtungini ni kimiminika, na ili igeuke mvuke inahitaji joto kutoka katika mtungi wenyewe. Ikifyonzwa haraka, mtungi hupoa, mvuke hupungua, na ndimi za moto hudhoofika ingawa gesi haijaisha. Butani huchemka karibu na nyuzi sifuri, na propani katika nyuzi 42 chini ya sifuri. Kwa hiyo mchanganyiko wenye butani nyingi ndio unaosumbua zaidi asubuhi za baridi.

Kuhusu msukumo wa maji, kila mita moja ya kimo cha tangi juu ya bomba huleta kiasi cha kilopaskali 10. Hita nyingi huhitaji angalau kilopaskali 20 hadi 30. Basi nyumba inayotegemea tangi la plastiki juu ya mnara inapaswa kuwa na tangi hilo mita mbili hadi tatu juu ya hita, ama inunue hita iliyoandikwa kuwa ni ya msukumo mdogo. Mara nyingi hita mpya hulaumiwa kwamba ni mbovu, kumbe tangi limewekwa chini mno.

Swali la nne: Hewa itatoka wapi, na moshi utakwenda wapi?

Hili ndilo swali la uhai. Propani inapoungua vizuri, kila molekuli yake huhitaji molekuli tano za oksijeni:

C3H8 + 5O2 → 3CO2 + 4H2O

Kwa uzito, kilo 44 za propani huhitaji kilo 160 za oksijeni. Kwa kuwa oksijeni ni kiasi cha asilimia 23 ya uzito wa hewa, kilo moja ya propani huhitaji karibu kilo 15.7 za hewa. Katika mwinuko wa mita 1,350 kanieneo ya hewa ni kiasi cha asilimia 85 ya ile ya pwani, na mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa karibu kilo 1.02. Basi kilo moja ya gesi huhitaji zaidi ya mita 15 za ujazo za hewa.

Hita ya mfano, yenye kutoa kilowati 9.2 kwa ufanisi wa asilimia 80, hutumia kiasi cha kilo 0.9 za gesi kwa saa. Yaani inahitaji karibu mita 14 za ujazo za hewa kwa saa, au mita 7 kwa nusu saa. Sasa lipimwe bafu la kawaida: upana mita 1.5, urefu mita 2, kimo mita 2.4. Ujazo wake ni mita 7.2. Watu wawili wakioga kwa zamu, dakika 15 kila mmoja, katika bafu lililofungwa na hita ikiwa ndani, hita itakuwa imedai karibu oksijeni yote ya chumba hicho, nao waogaji wakiwa humo humo.

Hatari huanza mapema zaidi ya hapo. Oksijeni inapopungua, mwako hauwi kamili, na badala ya kaboni dayoksaidi hutokea kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi wala harufu. Ikivutwa, hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi, hata damu ikashindwa kupeleka oksijeni mwilini. Dalili zake ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na ulegevu, ambazo mtu huweza kuzidhania ni uchovu au malaria. Anayeanguka bafuni huku mlango umekomewa hana wa kumwokoa. Jiko la mkaa linaloingizwa chumbani wakati wa baridi huleta hatari hiyo hiyo.

Ni vema ieleweke pia kwamba harufu kali ya gesi ya mtungi imetiwa makusudi ili kuonya juu ya uvujaji. Harufu hiyo huungua pamoja na gesi. Haiwezi kuonya juu ya kaboni monoksaidi. Nyumba isiyonusa chochote bado inaweza kuwa na sumu.

Kutokana na hayo, kanuni ni hizi:

1. Hita ifungwe nje ya bafu, kwenye ukuta wa nje uliokingwa mvua, na maji tu ndiyo yaingie ndani. Hii ndiyo njia bora kwa nyumba za Bonga, kwa kuwa hakuna barafu ya kupasua mabomba.

2. Ikilazimu hita iwe ndani ya jengo, isiwe bafuni wala chumba cha kulala, na iwe na dohani inayotoka hadi nje. Matundu ya hewa yawe mawili, moja chini na moja juu, wala yasizibwe kwa matambara wakati wa baridi.

3. Ndimi za moto ziwe za buluu. Zikiwa za manjano, au masizi yakionekana, hita izimwe na fundi aitwe.

4. Mtungi usimame wima nje ya nyumba. Mvuke wa propani ni mzito mara moja na nusu kuliko hewa, na wa butani mara mbili. Ukivuja hutambaa chini na kutuama mashimoni. Uvujaji hupimwa kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti.

Mwinuko nao una neno lake. Kwa kuwa hewa ni nyepesi, kichomeo kilichorekebishwa kwa ajili ya pwani huweza kupata oksijeni pungufu. Kanuni itumikayo Amerika ya Kaskazini ni kupunguza uwezo wa kichomeo kwa takriban asilimia 4 kwa kila mita 300 za mwinuko. Mnunuzi asome maelezo ya mtengenezaji na amwambie fundi mwinuko wa mahali.

Je, ni lazima iwe gesi ya mtungi?

Hita iliyoharibika ni nafasi ya kufikiri upya. Wafugaji wanaoweka ng'ombe zizini wanaweza kupata gesi ya samadi. Kituo cha CAMARTEC cha Arusha, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1981, kimejishughulisha na mitambo hiyo kwa miaka mingi. Kilo 20 za samadi mbichi huweza kutoa kiasi cha mita 0.7 ya ujazo ya gesi kwa siku, ingawa baridi huipunguza. Nyumba ya mfano ingehitaji karibu mita 0.5 kwa hita yenye ufanisi wa asilimia 80. Lakini hita ya gesi ya mtungi haiwezi kuunganishwa hivi hivi na gesi ya samadi. Mita moja ya ujazo ya gesi ya samadi ina megajuli 21 au 22 tu, hali ya propani ina zaidi ya 90. Kwa hiyo matundu ya kichomeo lazima yawe tofauti. Tena gesi ya samadi ina haidrojeni salfaidi inayokula shaba, na sharti ichujwe kwanza.

Jua nalo halidai malipo ya kila mwezi. Clarence Kemp wa Baltimore, Marekani, alipata hataza ya hita ya jua mwaka 1891. Siku ya jua zuri, mita moja ya mraba hupokea kiasi cha kilowati-saa 5. Kwa ufanisi wa asilimia 40 hupatikana 2. Nyumba ya mfano inahitaji 2.3, basi paneli ya mita mbili za mraba hutosha na kubaki. Upungufu wake ni asubuhi za mawingu za Juni na Julai, wakati ambapo maji ya moto yanatakiwa zaidi. Ndiyo maana jua na hita ndogo ya gesi huweza kusaidiana: jua lipandishe joto hadi pale linapofika, gesi imalizie. Lakini hita hiyo iwe ya aina inayokubali maji yaliyokwisha pata joto.

Jaribio la darasani

Vifaa: ndoo iliyopimwa lita 10, saa, kipimajoto, mzani unaosoma gramu 10 au chini yake, jiko la gesi lenye mtungi mdogo, sufuria kubwa yenye kifuniko.

(a) Fungua bomba la bafu na upime dakika zinazohitajika kujaza ndoo. Gawanya lita 10 kwa dakika hizo. Hiyo ndiyo tarakimu ya kumpelekea muuzaji wa hita.

(b) Pima uzito wa mtungi. Mahali penye hewa ya kutosha, pasha lita 10 za maji kwa nyuzi 50. Zima, upime mtungi tena. Joto lililoingia katika maji ni kilojuli 2,100. Zidisha kilo za gesi iliyotumika kwa 46,000, kisha tafuta ufanisi. Rudia bila kifuniko na ulinganishe.

Maswali

1. Nyumba ya watu wanne hutumia lita 15 kwa kila mtu, kutoka nyuzi 16 hadi 40. Tafuta joto la siku moja.

2. Kwa hita yenye ufanisi wa asilimia 80, gesi kiasi gani itatumika kwa siku? Mtungi wa kilo 6 utakaa siku ngapi?

3. Hita ya lita 8 kwa dakika huongeza nyuzi 25. Ina nguvu gani?

4. Eleza kwa nini tundu moja la hewa huwekwa chini na jingine juu.

5. Pima bafu la nyumbani kwenu au la shule. Kama hita ya mfano ingewekwa ndani yake, hewa ya bafu hilo ingetosha kwa dakika ngapi?

Majibu: (1) kilojuli 6,048. (2) kilo 0.164, siku 36. (3) kilowati 14. Swali la 4 lijibiwe kwa kufikiria uzito wa gesi ya mtungi inapovuja, na mwendo wa moshi ulio moto. Swali la 5 ni la kila mwanafunzi na bafu lake. Jibu lake lisomwe kwa sauti nyumbani, mbele ya wazazi, kabla ya mtu kwenda dukani.